Kanuni na Haki: Habari za Brian McKechnie, Mchezaji wa Raga na Kriketi

Maneno haya yamepigwa chapa ili mpate kuyasoma tena polepole baada ya kuyasikia katika redio. Ukikuta neno gumu, usikate tamaa. Soma mpaka mwisho. Huko nimeweka maneno machache pamoja na maana yake.

Somo letu la leo lina swali moja. Swali lenyewe ni hili: Jambo lisilokatazwa na kanuni, je, ni haki siku zote kulifanya?

Sitawapa jibu upesi. Kwanza nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyecheza michezo miwili kwa ajili ya nchi yake. Katika mchezo mmoja hila ilifanywa na wenzake, na yeye akapiga mpira ulioleta ushindi. Katika mchezo wa pili hila ilifanywa juu yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu huyu alisimama pande zote mbili za swali letu. Ndiyo sababu nimemchagua.

Mtu huyo na nchi yake

Jina lake ni Brian McKechnie. Alizaliwa tarehe 6 Novemba mwaka 1953 katika mji mdogo uitwao Gore, nchini New Zealand. Kama mna ramani ya dunia ukutani, mwombeni mwalimu awaonyeshe. New Zealand ni visiwa viwili vikubwa na vingine vidogo, mbali sana upande wa mashariki na kusini wa Australia. Mji wa Gore uko karibu na ncha ya kusini ya kisiwa cha kusini, katika jimbo la Southland. Huko ni nchi ya baridi, na kazi kubwa ya watu ni kufuga kondoo na ng'ombe. Siku zile wachezaji wa raga wa nchi yake hawakulipwa mshahara kwa kucheza. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kumpatia mkate.

Huenda mtu akauliza: Mtu mmoja awezaje kuchezea taifa lake michezo miwili? Jibu liko katika majira ya mwaka. Huko New Zealand raga ni mchezo wa wakati wa baridi, na kriketi ni mchezo wa wakati wa joto. Kijana hodari aliweza kuvaa viatu vya raga miezi ya baridi, na joto likija akashika gongo la kriketi. Hata hivyo, waliofika katika timu ya taifa kwa michezo yote miwili ni wachache mno. Baada ya McKechnie alikuja mwingine kutoka jimbo lile lile la Southland, jina lake Jeff Wilson, aliyeichezea nchi yake raga na kriketi katika miaka ya 1990.

McKechnie aliichezea timu ya taifa ya raga kuanzia mwaka 1977 mpaka mwaka 1981. Katika kriketi aliichezea nchi yake michezo 14 ya siku moja, kati ya mwaka 1975 na mwaka 1981. Alikuwa katika kikosi kilichokwenda Uingereza kwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, mwaka 1975. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kuukumbuka mwaka huo. New Zealand ilianza mashindano hayo kwa kupambana na timu iliyoitwa East Africa, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mchezo ulifanyika Birmingham tarehe 7 Juni. New Zealand ilishinda kwa mbali sana, lakini jina letu limeandikwa katika kitabu cha mashindano yale ya kwanza.

Siku ya Cardiff

Sasa twende kwenye raga. Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa kifupi. Kila timu ina watu 15. Mpira si wa mviringo kamili, umechongoka kama yai pande zote mbili. Mchezaji aweza kuushika kwa mikono na kukimbia nao, lakini akitaka kumpa mwenzake kwa mikono, haruhusiwi kumrushia mbele. Timu hupata pointi kwa kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Timu ikikosewa, mwamuzi aweza kuipa mpigo wa adhabu. Hapo mchezaji mmoja huuweka mpira chini na kuupiga kwa mguu ili upite kati ya milingoti miwili, juu ya mti uliolala kati yake. Mpigo huo ukifanikiwa huleta pointi 3.

Tarehe 11 Novemba mwaka 1978, timu ya New Zealand ilikuwa katika mji wa Cardiff, nchini Wales. Timu hiyo huitwa All Blacks, kwa kuwa mavazi yao ni meusi matupu. Watu wa Wales wanaupenda mchezo wa raga kuliko michezo yote, na walikuwa hawajaishinda New Zealand tangu mwaka 1953. Miaka 25 ilikuwa imepita. Wazee waliokumbuka ushindi ule walitaka kuuona tena kabla ya kufa, na vijana walitaka kuuona kwa mara ya kwanza.

McKechnie hakuwa miongoni mwa 15 walioanza mchezo. Mchezaji wa nyuma wa New Zealand, Clive Currie, aliumia mapema, na McKechnie akaingizwa mahali pake. Alikuwa ametimiza miaka 25 siku tano tu zilizopita. Akapiga mipigo miwili ya adhabu, yote miwili ikapita. Lakini zilipobaki dakika chache, Wales ilikuwa bado inaongoza kwa pointi 12 kwa 10.

Ndipo mpira ulipotoka nje ya uwanja. Katika raga mpira ukitoka, wachezaji warefu wa timu mbili hujipanga mistari miwili, bega kwa bega, na mpira hurushwa katikati yao. Kila mmoja huruka juu kuunyakua. Basi mpira uliporushwa, mchezaji mmoja wa New Zealand, Andy Haden, mtu mrefu mwenye nguvu, alijitupa nje ya mstari na kuanguka kana kwamba amesukumwa kwa nguvu. Hakuna aliyemsukuma. Mwamuzi akapuliza filimbi, akaipa New Zealand mpigo wa adhabu.

Uwanja mzima ukachemka. Mwamuzi huyo, Roger Quittenton kutoka Uingereza, baadaye alieleza kwamba hakudanganywa na Haden. Alisema aliona kosa jingine katika mstari ule ule: mchezaji wa Wales, Geoff Wheel, alimwegemea Mnew Zealand mwingine begani, jina lake Frank Oliver. Lakini watu wa Wales walikuwa wamemwona Haden akijitupa, na hawakutaka kusikia maelezo mengine. Haden mwenyewe alikiri miaka michache baadaye kwamba jambo lile lilipangwa kabla.

Sasa mpira uko chini, na aliyeitwa kuupiga ni Brian McKechnie. Yeye hakujitupa. Hakumdanganya mtu. Kazi yake ilikuwa kupiga mpira, na zomeo zote zile zilikuwa zikimwangukia yeye. Akaupiga, ukapita. New Zealand ikashinda kwa pointi 13 kwa 12.

Katika ziara hiyo New Zealand ilizishinda Ireland, Wales, England na Scotland, nchi zote nne katika ziara moja. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufanya hivyo. Nyumbani kwao watu walifurahi mno. Huko Wales, ndugu zangu, siku hiyo inazungumzwa kwa uchungu mpaka leo.

Tusimame hapa kidogo. Mwalimu, naomba uwaulize wanafunzi wako: Kama wewe ungekuwa McKechnie, ungeupiga mpira ule, au ungeukosesha kwa makusudi? Zungumzeni. Msiogope kutofautiana.

Siku ya Melbourne

Tuhamie sasa kwenye kriketi. Katika mchezo huu mpigaji husimama na gongo la ubao mbele ya vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini. Mtu wa timu ya pili huja mbio na kumrushia mpira mgumu, mkono wake ukipita juu ya bega, na mpira hugonga chini na kuruka. Mpigaji huulinda ule mpira usipige vijiti vyake, na tena hutaka kuupiga mbali. Mpira ukibingirika mpaka nje ya mpaka wa uwanja, timu yake hupata mikimbio 4. Ukiruka juu na kutua nje ya mpaka bila kugusa chini ndani ya uwanja, hupata mikimbio 6. Mirusho huhesabiwa sita sita, na kila sita huitwa ova.

Tarehe 1 Februari mwaka 1981, Australia na New Zealand zilikutana katika uwanja mkubwa wa Melbourne, Australia. Watazamaji walizidi 50,000. Ilikuwa fainali, na ilipangwa kuchezwa mara kadhaa mpaka timu moja ipate ushindi mara tatu. Kila upande ulikuwa umekwisha shinda mara moja.

Australia ilicheza kwanza ikapata mikimbio 235. Nahodha wao, Greg Chappell, peke yake alipata 90. Lakini katikati ya kazi yake hiyo kulitokea ubishi. Aliupiga mpira juu, na mchezaji wa New Zealand, Martin Snedden, alikimbia akajitupa akaudaka. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji hutoka. Chappell hakutoka. Alisema hakuwa na hakika kama mpira ulidakwa vizuri, akangoja waamuzi waseme. Waamuzi nao walisema hawakuona, maana macho yao yalikuwa yakiwatazama wakimbiaji. Basi akaendelea kucheza.

Zamu ya New Zealand ikafika. Mpigaji wao Bruce Edgar alifanya kazi kubwa mno, akapata mikimbio 102, na mpaka mwisho hakuna aliyemtoa. Ilipobaki ova moja, yaani mirusho sita, New Zealand ilihitaji mikimbio 15 ili ishinde. Mrushaji wa ova hiyo alikuwa Trevor Chappell, mdogo wake nahodha.

Fuateni hesabu pamoja nami. Mrusho wa kwanza, Richard Hadlee akapiga mikimbio 4. Mrusho wa pili, Hadlee akatolewa. Wa tatu, Ian Smith akapata 2. Wa nne, akapata tena 2. Wa tano, Smith akatolewa. Mikimbio 4 na 2 na 2 ni 8. Toa 8 katika 15, zinabaki 7. Mrusho umebaki mmoja. Kwa mpigo mmoja wa kawaida mtu hupata 6 kwa wingi, kwa hiyo kushinda kulikuwa kumekwisha potea. Lakini New Zealand iliweza bado kusawazisha, ikiwa mpigaji angepiga 6.

Mpigaji aliyeingia ni Brian McKechnie. Alikuwa na miaka 27. Uwanja wa Melbourne ni mpana sana, na kuupitisha mpira juu mpaka nje ya mpaka wake ni kazi ngumu hata kwa mpigaji bingwa. McKechnie alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na hakuwa amegusa mpira hata mara moja. Tumaini lilikuwa dogo, lakini lilikuwapo.

Greg Chappell akaliona tumaini lile dogo, akataka kulizima. Akamwendea mdogo wake akamwambia autupe mpira wa mwisho kwa mkono wa chini, ubingirike ardhini. Kisha akamwarifu mwamuzi, na mwamuzi akamwarifu McKechnie. Mlinda vijiti wa Australia, Rod Marsh, alionekana akitikisa kichwa kukataa. Mkubwa wao wa tatu, Ian Chappell, aliyekuwa akitangaza mchezo katika televisheni, naye alimsihi ndugu yake asifanye hivyo, ingawa uwanjani hakuweza kusikiwa.

Trevor akatii. Mpira ukaja ukibingirika kwenye majani kama mtoto achezaye na chungwa uani. Mpira usioruka hauwezi kupigwa ukapaa mpaka nje ya mpaka. McKechnie akauzuia kwa gongo lake usipige vijiti. Kisha akalitupa gongo lile mbali kwa hasira. Mchezo ukaisha. Australia ikashinda kwa mikimbio 6.

Je, kanuni ilivunjwa?

Hapa ndipo lilipo fundo la somo letu. Kanuni ilikuwa inaruhusu.

Zamani sana, kriketi ilipoanza Uingereza, watu wote walitupa mpira kwa mkono wa chini. Baadaye warushaji wakaanza kuinua mkono kidogo kidogo, na mwaka 1864 kanuni ikakubali mkono upite juu ya bega. Tangu hapo karibu kila mtu akafuata mtindo mpya. Lakini kule kuruhusiwa kwa mkono wa chini hakukufutwa katika mashindano yote. Mashindano ya siku moja ya Uingereza yalikuwa yamekwisha kataza, ila mashindano yale ya Australia hayakuwa yamekataza. Kanuni ilibaki kama mlango wa nyuma ambao mwenye nyumba amesahau kuufunga. Kwa miaka mingi hakuna aliyepita, kwa sababu watu waliona aibu. Siku ile Greg Chappell akapita.

Kelele zilikuwa kubwa. Waziri Mkuu wa New Zealand, Robert Muldoon, alisema kitendo kile kilikuwa cha woga, na kwamba ilifaa sana kuwa Waaustralia walikuwa wamevaa manjano. Kwa watu wa lugha ya Kiingereza, manjano ni rangi ya mwoga. Waziri Mkuu wa Australia, Malcolm Fraser, naye alisema kitendo kile hakikufuata desturi za mchezo. Jambo hilo la pili ni la kutazama sana, ndugu zangu. Fraser angeweza kunyamaza, kwa kuwa timu yake ndiyo iliyoshinda. Hakunyamaza.

Siku iliyofuata Greg Chappell alitoa taarifa. Alisema kwamba siku zote amecheza kwa kufuata kanuni, na kwamba aliamua vile akiwa amelemewa, na sasa anajuta. Kisha wakubwa wa kriketi wakaufunga ule mlango wa nyuma: kutupa mpira kwa mkono wa chini kukakatazwa katika michezo ya siku moja.

McKechnie amezungumza juu ya siku ile mara nyingi, bila kuonyesha chuki. Na watu wa nchi hizo mbili wamejifunza hata kuifanyia mzaha. Mwaka 2005, katika mchezo wa New Zealand na Australia mjini Auckland, mrushaji wa Australia Glenn McGrath alijifanya anataka kutupa mpira wa mwisho kwa mkono wa chini. Mwamuzi Billy Bowden akatoa kadi nyekundu mfukoni, kama ya mpira wa miguu, akamwonyesha. Uwanja wote ukacheka.

Yatufaayo sisi

Sasa turudi kwenye swali letu. Nataka kuwaonyesha mambo matatu.

Jambo la kwanza. Wahenga walisema: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka 1981 watu wa New Zealand walilia kwamba wamedhulumiwa, na walikuwa na sababu. Lakini mwaka 1978, wengi wao walipokea ushindi wa Cardiff kwa furaha, na wachache walijiuliza juu ya Haden aliyejitupa. Hila ile ile inayotuchoma tukifanyiwa, hututekenya tukiifanya sisi. Ukitaka kujua kama jambo ni la haki, jiweke kwanza mahali pa yule litakayemwangukia. McKechnie aliwekwa mahali pote pawili na maisha yenyewe. Sisi twaweza kujiweka kwa kufikiri.

Jambo la pili ni la Trevor Chappell. Yeye ndiye aliyeutupa mpira, na jina lake ndilo linalotajwa. Aliyemwambia ni nahodha wake, na tena ni kaka yake aliyemzidi miaka minne. Sisi tunafundishwa tangu utotoni kuwatii wakubwa, na ni mafundisho mema. Lakini amri ya mkubwa haiwezi kuondoa aibu katika mkono wa mdogo. Mkubwa mwema asimwagize mdogo jambo ambalo yeye mwenyewe angeona haya kulifanya. Na mdogo, akiagizwa jambo la namna hiyo, ana haki ya kusema kwa adabu, "Kaka, hili naomba uniepushe."

Jambo la tatu nitalieleza kwa habari yangu mwenyewe, na si habari ya kujisifu. Nilipokuwa kijana, kabla ya kwenda kusomea diploma, nilifanya kazi ya karani wa muda katika chama kimoja cha ushirika wakati wa kununua pamba. Kanuni yetu ilisema mizani ifungwe saa kumi alasiri. Siku moja, katika foleni alikuwamo mama mmoja mzee, na mbele yake walibaki watu watatu tu. Alikuwa amefika asubuhi na mzigo wake kichwani, kutoka kijiji cha mbali. Saa kumi ilipogonga, mimi nikafunga mizani.

Yule mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nipo hapa tangu asubuhi."

Nikamjibu, "Mama, hiyo ndiyo kanuni."

Akanitazama, akasema, "Saa umeiona. Mimi je, hukuniona?" Kisha akajitwisha mzigo wake, akaenda zake.

Mkubwa wangu hakunikemea, maana sikuvunja kanuni yoyote. Kama angenikemea, labda ningesahau upesi. Nilikwenda nyumbani nikala, nikalala, lakini maneno yale hayakuniacha. Mizani ilikuwapo, fedha ya kumlipa ilikuwapo, na dakika kumi tu zingetosha. Nilijificha nyuma ya kanuni kwa sababu nilikuwa nimechoka. Greg Chappell naye alisema alikuwa amelemewa. Naona sote wawili tulifanya kosa la namna moja, ingawa la kwangu halikuonyeshwa katika televisheni.

Msinielewe vibaya. Siwaambii mvunje kanuni. Pasipo kanuni hakuna mchezo, wala chama cha ushirika, wala shule. Mwenye nguvu angechukua chote, na mnyonge angebaki mikono mitupu. Lakini kanuni huandikwa na watu, na watu hawawezi kuyaona mambo yote yatakayokuja. Daima utabaki mlango mmoja wa nyuma ambao haukufungwa. Mlango huo hulindwa na nini? Hulindwa na haya aliyo nayo mtu, na utu wake. Haya ikiondoka, hata kitabu cha kanuni kikinenepa kama gogo, hakitatosha.

Na ninyi mnaojifunza kusoma, jambo hili linawahusu kuliko watu wengine. Leo au kesho utaweza kusoma katiba ya chama chako, mkataba wa shamba, hati ya mkopo. Utazijua kanuni ambazo jirani yako asiyesoma hazijui. Hiyo ni nguvu. Itumie kumfungulia jirani mlango, usiitumie kumwibia kwa mlango wa nyuma.

Maneno ya kukumbuka

Kanuni: agizo lililowekwa ili watu walifuate katika kazi au mchezo.
Hila: ujanja wa kumdanganya au kumpunja mtu.
Mwamuzi: mtu anayesimamia mchezo na kutoa uamuzi.
Nahodha: kiongozi wa timu uwanjani, pia mkubwa wa chombo cha baharini.
Kusawazisha: kufanya pande mbili ziwe sawasawa.
Kulemewa: kuzidiwa na mzigo, kazi au mawazo.
Haya: kuona aibu kutenda jambo baya.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. McKechnie alizaliwa mwaka 1953. Mwaka ambao mpira ulitupwa kwa mkono wa chini ulikuwa 1981. Kwa nini tunasema alikuwa na miaka 27, wala si 28? Tazameni mwezi aliozaliwa.
2. Nani alikuwa na kosa kubwa zaidi siku ya Melbourne: aliyeagiza, aliyetii, au waliosahau kuifuta kanuni? Toeni sababu.
3. Je, ushindi wa Cardiff na ushindi wa Melbourne unafanana? Unafanana wapi, na unatofautiana wapi?
4. Mama wa pamba alidhulumiwa, au hakudhulumiwa? Karani angefanyaje bila kuivunja kanuni?
5. Andika sentensi tano juu ya kanuni moja ya kijijini kwako au kazini kwako. Eleza inawasaidia nani, na kama yupo anayeumizwa nayo.

Kazi ya swali la tano mwonyesheni mwalimu wenu kabla ya somo lijalo. Asiyeweza kuandika sentensi tano na aandike mbili. Asiyeweza mbili na aandike moja, lakini iwe ya kwake mwenyewe.